Baridi ya Angani na Ukimya wa Abiria Wetu

 

Mtu wa kwetu Eldoret akipata safari ya ng'ambo, ukoo mzima hujipanga. Pasipoti inafuatiliwa, viza inaombwa, chanjo ya homa ya manjano inadungwa, nauli inachangwa kwa harambee, na jioni ya mwisho wazee wanaitwa kumwombea msafiri. Kila mmoja ana shauri lake: usipokee mzigo wa mtu usiyemjua, piga simu ukifika, usisahau ulikotoka. Lakini ni nadra kusikia mtu akisimama katika kikao hicho na kuuliza: je, huyu mtoto wetu, au huyu mama yetu, atavaa nini ndani ya ndege, na atafanya nini baridi ikimkamata usiku wa manane juu ya jangwa la Sahara?

Wengine watasema hilo ni jambo dogo. Mimi nasema si dogo hata kidogo. Nimewasikia watu wazima, watu waliolima na kukamua ng'ombe kwenye umande wa Burnt Forest miaka yote, wakisema kwamba hawajawahi kutetemeka kama walivyotetemeka ndani ya ndege. Na karibu wote humalizia kwa maneno yaleyale: nilinyamaza tu. Ni huo unyamavu unaonisumbua kuliko baridi yenyewe, na ndio ulionileta mbele ya maikrofoni leo.

Wasafiri wa kutoka huku si wachache. Wako wanariadha wetu, wanaokwenda Boston mwezi wa Aprili, Berlin Septemba, Chicago Oktoba na New York Novemba. Wako vijana wa kike na wa kiume wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani na za ulinzi huko Doha, Dubai na Riyadh. Wako wanafunzi. Na siku hizi wako wazazi: akina mama wa miaka sitini na sabini wanaoitwa na watoto wao walioko Dallas au Minneapolis waende wakawaone wajukuu. Ile safari ya kutoka uwanja wetu wa Kapseret hadi Nairobi si kitu. Haifiki hata saa nzima, hujamaliza kutazama mashamba ya ngano umeshafika. Kazi iko baadaye. Nairobi hadi Doha ni kama saa tano. Nairobi hadi London ni saa nane na nusu au tisa. Na ile ndege ya moja kwa moja ya Nairobi kwenda New York, ambayo Kenya Airways waliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018, hukaa angani kama saa kumi na tano.

Kabla sijafika kwenye baridi, niwatoe hofu kwa jambo moja, kwa sababu wengi huogopa kwamba huko juu watakosa pumzi.

Ndege kubwa hupaa mita 10,000 hadi 12,000. Hewa ya huko ni hafifu mno. Binadamu akiivuta hivyo ilivyo atazimia baada ya muda mfupi tu. Kwa hiyo ndege husukuma hewa ndani na kuishikilia. Kanuni za usalama wa anga zinataka hewa hiyo, katika safari ya kawaida, isiwe hafifu kuliko ya mahali palipo futi 8,000 juu ya usawa wa bahari, yaani kama mita 2,400. Sasa mita 2,400 ni wapi, ndugu msikilizaji? Ni Iten. Mtu aliyezaliwa Mombasa akikaa saa tisa katika hewa hiyo, anaweza kuumwa kichwa na kuhisi uchovu asiouelewa. Mtu wa Iten yuko kwake. Na ukipanda Boeing 787, ile wanayoiita Dreamliner, ambayo Kenya Airways walianza kuipokea mwaka 2014, hewa ya ndani huwekwa iwe kama ya futi 6,000, karibu mita 1,800 na kitu. Hapo ni Nakuru. Eldoret yetu iko kwenye mita 2,100 hivi. Yaani uko kilomita kumi na moja juu ya bahari, lakini mapafu yako yameteremka kutoka Eldoret hadi Nakuru! Ni mapafu hayahaya ya nyanda za juu yaliyomsaidia Kipchoge Keino mwaka 1968 kule Mexico City, mji ulio kwenye mita 2,240, alipomwacha Jim Ryun wa Marekani mbali katika mbio za mita 1,500.

Kwa hivyo mtu wa huku akishuka ndege miguu ikiwa imekufa ganzi, midomo imepasuka na koo linawasha, mara nyingi kilichomwandama si hewa hafifu. Ni baridi na ukavu.

Tuanze na baridi. Katika kimo hicho, nje ya dirisha, hewa hufika nyuzi 56 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haipatikani popote nchini Kenya, hata kileleni mwa Mlima Kenya. Hata hivyo ndege haina uhaba wa joto. Ina joto la kumwaga. Injini inaponyonya hewa na kuikandamiza, hewa hiyo hupata moto kupita nyuzi 200. Ndege nyingi huchota sehemu ya hewa hiyo, huipooza katika mitambo iliyo tumboni mwa ndege, huichanganya na hewa ya ndani iliyokwisha kuchujwa, ndipo huipuliza juu ya vichwa vya abiria. Dreamliner haichoti hewa ya injini. Ina kompresa zake za umeme. Lakini vyovyote iwavyo, joto lipo. Mambo yote yanategemea limepimwa wapi, na amelipima nani.

Chumba cha abiria hugawanywa kwa sehemu, na kila sehemu ina vipimajoto vyake. Marubani ndio wanaoweka kiwango, na katika ndege nyingi mhudumu mkuu ana kidude cha kuongeza au kupunguza kidogo. Kwa kawaida hulenga nyuzi 22 hadi 24. Hizo ni nyuzi za adhuhuri nzuri hapa Eldoret, jua likiwa limewaka na watu wanatembea bila sweta. Utauliza: basi baridi inatoka wapi?

Inatoka kwenye kiti chako. Ukikaa dirishani, baada ya saa mbili tatu za safari, hebu weka kiganja kwenye ukuta wa ndege pale karibu na goti. Utashtuka. Kisha litazame dirisha lenyewe. Lina vioo vitatu vya plastiki ngumu, na kile cha katikati kina kitundu kidogo sana upande wa chini. Kukizunguka kitundu hicho utaona barafu nyembamba imeanza kujijenga. Barafu hiyo iko vidole vichache tu kutoka begani mwako. Na hewa ya ndani hupulizwa kutoka juu ikatokea chini, kwenye vipenyo vilivyo pembeni mwa sakafu. Ikigusa ukuta ule wa baridi hupoa, huteremka, na kupitia miguuni pako. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kichwa chenye joto na miguu ya barafu kwa wakati mmoja, ilhali jirani yake aliyekaa karibu na njia hana habari. Na vile viti vya karibu na milango, ambavyo wasafiri wazoefu huvigombania kwa sababu mtu ananyoosha miguu, ndivyo vyenye baridi kuliko vingine, kwa kuwa mlango hauzuii baridi sawasawa na ukuta.

Kiko pia kile kitundu cha hewa juu ya kiti, ingawa ndege nyingine hazinacho. Wengi hawajui kwamba kinazungushwa kwa mkono kikafungwa. Ukikifunga chako na bado upepo unakupiga shingoni, tazama juu ya jirani yako, au juu ya kiti cha nyuma: aliyekaa hapo awali alikielekeza chake upande wako. Mwombe mwenyewe kwa adabu akigeuze. Hakuna atakayekukasirikia.

Sasa ukavu. Hewa ya kule juu karibu haina maji kabisa. Unyevunyevu mdogo uliomo ndani ya ndege unatokana na pumzi na jasho la abiria wenyewe, na mara nyingi haufiki asilimia 20. Ninyi wa huku mnaujua mwezi wa Januari, vumbi likipeperuka barabarani na midomo ikipasuka. Ndani ya ndege ni kavu kuliko hapo. Na ukavu una tabia ya kuongeza baridi, kwa sababu maji ya ngozini hukauka haraka, na yanapokauka huondoka na joto lako. Pua hukauka, macho huwasha, koo hukwaruza, kisha mtu anaamka na kusema amepata mafua kwa sababu ya baridi. Dawa yake ni ya bei rahisi: maji. Pita kwenye ukaguzi na chupa tupu, ukishavuka uijaze, na unywe kidogo kidogo njia nzima hata kama husikii kiu. Chai ya moto ni nzuri pia, iombe bila kusita. Pombe wanayoigawa bure iache. Inakuchangamsha na kukuhadaa kwamba umepata joto, kumbe imefungua mishipa ya ngozi na joto lako linatoka. Paka mafuta ya mgando mdomoni na puani kabla ya kulala. Anayevaa lenzi za macho azitoe avae miwani.

Jambo la tatu halizungumzwi sana, nalo ni saa ya mwili. Joto la mwili wa binadamu hushuka usiku, na hufika chini kabisa alfajiri, kama saa kumi au saa kumi na moja. Mkesha wowote wa matanga utakufundisha hilo: watu huanza kutafuta mablanketi wakati jogoo wa kwanza anawika, ingawa saa tatu usiku walikuwa wamekaa nje kwa raha. Sasa ifikirie ile ndege ya New York. Inaondoka Nairobi usiku. Chakula kinaletwa, taa zinazimwa, na sehemu kubwa ya safari inakuwa giza kwa sababu ndege inaelekea magharibi, jua likiwa nyuma yake. Saa nne au tano baada ya kupaa, mwili wako unahesabu kwamba ni alfajiri ya Eldoret. Umekaa bila kusogea, misuli haizalishi joto, tumbo limemaliza kazi yake. Hapo ndipo nyuzi zilezile 22 zinageuka kuwa baridi ya Timboroa. Wahudumu nao wakati huo wako kazini, wanasukuma vigari, wanapanda na kushuka njiani, na wao wanasikia joto. Si kwamba wanakutesa. Mwili wao uko mchana na wako uko usiku.

Nimezungumza juu ya baridi peke yake kana kwamba joto halimo. Limo, na lina hatari kubwa zaidi.

Joto la ndege hukukuta chini, kabla haijapaa. Milango imefungwa, injini kuu hazijawashwa, watu mia tatu wamejaa humo, na mtambo mdogo wa mkiani unaoendesha viyoyozi haufanyi kazi sawasawa au umezimwa. Mwezi wa Juni 2024 ndege iliyokuwa ikielekea Doha ilikwama katika uwanja wa Athens, Ugiriki, wakati wa joto kali, na abiria wakakaa ndani kwa saa kadhaa bila kiyoyozi. Watu walivua mashati, wengine wakazirai. Fikiria mama yako akiwa humo, amevaa koti zito kwa sababu aliambiwa Ulaya ni baridi, na anaona haya kulivua mbele za watu.

Kuzirai kwenyewe hutokea hivi. Kwenye joto mishipa ya damu hupanuka. Mtu aliyekaa muda mrefu, damu yake hutuama miguuni. Akisimama ghafla kwenda msalani, damu haiwahi kufika kichwani, anaona kiza na kuanguka kwenye njia. Aliye na kiu, aliyekunywa pombe na anayetumia dawa za shinikizo la damu yuko karibu zaidi na hali hiyo. Kwa hiyo kabla hujasimama, kaza vifundo vya miguu, pandisha na shusha visigino mara kadhaa, kisha inuka polepole ukishikilia kiti. Ukiona kizunguzungu kaa chini hapohapo, hata kama ni sakafuni. Ukilala ukainua miguu, nafuu huja upesi. Usijikaze ufike msalani kwanza.

Na wanaokwenda Ghuba wana mtihani wa pekee. Wasichana wetu huonekana Nairobi uwanjani wamevaa tisheti za rangi moja walizopewa na wakala, kitambaa chepesi, kwa hoja kwamba huko waendako ni joto. Ni kweli ni joto: mwezi wa Julai Doha na Riyadh hupita nyuzi 40. Lakini kabla hajafika kwenye joto hilo atakaa saa tano ndani ya ndege, kisha pengine saa nyingine sita usiku akisubiri ndege ya pili katika uwanja ambao viyoyozi vyake havipumziki. Anaondoka Kenya kwa baridi, anafika kwa baridi, halafu mlango unafunguliwa na joto linampiga usoni. Doha ilionyesha ulimwengu mambo hayo mwaka 2019, kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Mbio za marathoni za wanawake zilianzishwa karibu na saa sita usiku ili kukwepa jua, lakini bado joto lilizidi nyuzi 30 na unyevunyevu ulikuwa mwingi. Wakimbiaji 68 walianza, na 28 kati yao hawakumaliza. Mshindi alikuwa Mkenya, Ruth Chepngetich. Na usiku huohuo uwanja wa Khalifa, palipofanyika mashindano mengine, ulikuwa ukipozwa kwa viyoyozi, mtu akikaa humo kwa raha. Kama wanariadha waliojiandaa miezi mingi walilemewa na mabadiliko hayo, sembuse binti wa miaka ishirini na mbili ambaye hajawahi kupita Naivasha, na ambaye amepewa tisheti?

Sasa tuvae nini?

Watu wa Elgeyo Marakwet hawahitaji kufundishwa na mimi. Mtu anayetoka Iten asubuhi kwenda Kabarnet hupanda matatu akiwa na jaketi na kofia ya marvin. Gari likianza kuteremka Tambach anavua kofia. Wakifika chini bondeni Kerio, karibu na Chebloch, jaketi liko magotini na dirisha limefunguliwa. Wakianza kupanda kuelekea Kabarnet, vitu vinarudi mwilini kimoja kimoja. Safari ya ndege ivaliwe vivyo hivyo: nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, za kuvuliwa na kuvaliwa ukiwa umekaa. Ndani kabisa fulana ya kawaida. Juu yake shati la mikono mirefu. Juu yake sweta la vifungo au la zipu, kwa sababu sweta la kuvutia kichwani linasumbua kulivua ukiwa katikati ya watu wawili. Suruali au sketi iwe pana kidogo. Kiuno kilichobanwa kwa saa tisa ni adhabu, hata kama nguo ni ya Jumapili.

Miguu ndiyo ya kutunzwa kuliko yote. Soksi jozi mbili: moja miguuni, moja nzito ya sufu mfukoni. Viatu visiwe vya kubana, maana miguu huvimba ukikaa muda mrefu. Wenye mishipa iliyotuna miguuni, au waliowahi kuganda damu, wamuulize daktari juu ya zile soksi za kubana zinazofika magotini. Na msiweke miguu juu ya bati la mlango wala kuiegemeza ukutani. Weka begi lako dogo chini, kisha uweke miguu juu ya begi. Hapo umejitenga na ile hewa baridi inayotambaa sakafuni.

Halafu leso. Akina mama, leso jozi moja ndani ya begi la mkononi itawafaa kuliko koti la shilingi elfu nane. Inafunika miguu, inazungushwa shingoni, inawekwa kati ya bega na ukuta wa dirisha, inafunika kichwa mtu akitaka kulala, na ndege ikitua Doha inakunjwa ikarudi mfukoni. Wanaume wachukue shuka la Kimasai, halina uzito na halina haya. Lile blanketi la ndege ni jepesi, na mara nyingine mablanketi hayawatoshi abiria wote. Yapo hata mashirika ya bei nafuu ambayo blanketi linanunuliwa. Basi likiwepo kwenye kiti chako, usilikalie. Jifunike nalo mapema, mwili ukiwa bado na joto. Blanketi halizalishi joto, linahifadhi lile ulilo nalo. Mtu aliyekwisha kupoa akijifunika atangoja sana.

Kwa watoto wachanga mambo ni kinyume. Mama wa kwetu, kwa mapenzi, humfunga mtoto mashali matatu na kofia mbili. Ndani ya ndege, hasa kabla ya kupaa, mtoto huyo anaweza kupikika na asiweze kusema. Usimpime kwa viganja vyake, maana viganja vya mtoto huwa baridi hata akiwa mzima. Tia vidole viwili nyuma ya shingo yake au kifuani. Pakiwa na jasho, punguza nguo moja. Pakiwa baridi, ongeza moja. Rudia kila anaponyonya.

Niwataje pia ndugu zetu wenye selimundu, ugonjwa wa chembe za damu ulio mwingi magharibi mwa nchi hii, kutoka Bungoma na Busia hadi Kisumu. Kwao baridi, ukosefu wa maji mwilini na hewa yenye oksijeni kidogo ni vitu vitatu vinavyoweza kuamsha maumivu makali, na ndani ya ndege vyote vitatu viko pamoja. Ndugu yangu, usinunue tiketi kabla hujazungumza na daktari wako, iwe ni katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa mjini au kliniki unakotibiwa. Ukisafiri, beba barua yake, dawa zako ziwe mkononi, na mwambie mhudumu mapema, ndege ikiwa bado chini.

Na hapo nafika kwenye lile lililonileta. Semeni!

Sisi tumelelewa tusilalamike ugenini. Mgeni hula alichopewa, hukaa alipoonyeshwa. Ni malezi mazuri na ninayaheshimu. Lakini ndani ya ndege wewe si mgeni wa mtu. Umelipa nauli, tena wengine wamelipiwa kwa jasho la kijiji kizima. Kile kitufe chenye picha ya mtu, juu ya kichwa au kwenye mkono wa kiti, kimewekwa kibonyezwe. Mhudumu akija, mwambie unasikia baridi, unaomba blanketi la pili na kikombe cha maji ya moto. Mwambie pia kwamba sehemu yenu yote ni baridi, kama ni kweli, ili apandishe kiwango au awaambie marubani. Yeye hawezi kujua asipoambiwa, na mara nyingi mmoja akisema, kumi waliokuwa wanatetemeka kimya wanashukuru. Lugha isikutishe. Jikumbatie mabega mbele yake, naye ataelewa, awe Mturuki au Mfilipino.

Wala usidhani unawabughudhi. Wahudumu wenyewe wana malalamiko yaleyale. Mwaka 2018 chama cha wahudumu wa ndege cha Marekani, AFA, kilianzisha kampeni kikitaka serikali iweke viwango vya joto la ndani ya ndege, na kikawapa wanachama na abiria njia ya kuripoti kwa simu joto au baridi iliyopita kiasi. Watu wanaofanya kazi humo kila siku wameona ni jambo la kupigania. Kwa nini nyanya yako alipuuze?

Kama baridi haipungui, inuka. Tembea hadi nyuma, simama hapo dakika chache, pandisha visigino, zungusha mabega. Wanariadha wanalijua hili kuliko sisi. Anayetaka kukimbia vizuri Jumapili hawezi kukaa saa kumi na tano kama gunia. Uliza kama kuna kiti kitupu mbali na mlango au dirisha. Ndege ikiwa haijajaa watakuhamisha.

Nimalizie kwa nyinyi watoto mlioko huko mbali, mnaosikiliza matangazo haya kwa simu, ambao ndio mnaowakatia wazee tiketi. Mnapochagua kiti, mchagulieni mama kiti cha njiani, katikati ya sehemu, mbali na milango na vyoo. Najua mngependa aone mawingu. Atayaona akienda kunyoosha miguu. Mpigieni siku moja kabla, mumweleze kitufe kiko wapi na kitundu cha hewa kinafungwaje, kwa lugha yake, bila haraka, na mumwambie wazi kwamba mnamruhusu kusumbua watu. Na wewe uliyebaki huku, unayempeleka Kapseret, kabla hajaingia kwenye ukaguzi fungua begi lake la mkononi uangalie kama sweta, leso na soksi nzito zimo humo, au zimeingia kwenye sanduku kubwa pamoja na unga wa wimbi na zawadi za wajukuu. Sanduku likishachukuliwa, halionekani tena mpaka Minneapolis.